Utepe kwenye Vigingi

"Mchungwa unaniambia siku yake ya kufa kabla hata jani halijageuka njano," fundi wa kubebesha miche, yaani kuunga chipukizi la mti mmoja kwenye shina la mwingine, alijigamba kwenye sikukuu ya kanisa hapa mjini Bebedouro.

"Na namba za bahati nasibu unakuambia?" nikamuuliza mimi, muuza miche. Watu wakacheka, yeye hakucheka. Kucha zake ni za kijani, na huongea kwa sauti ya chini kama aliyekaa kando ya mgonjwa. Hulaza sikio kwenye shina, hutafuna jani moja, kisha hufunga utepe mwekundu. Mti wenye utepe haujawahi kuvunwa mara mbili. Jumanne aliitwa na Dona Zulmira, aliyeng'oa shamba zima kwa ugonjwa wa njano na sasa anapanda upya kwa akiba yake ya mwisho. "Fundi wangu, nichagulie michungwa itakayostahimili. Aina ya Pera au ya Valência? Usinifiche." Nilikuwa nimefika kuchukua oda, miche sijaileta bado; kulikuwa na vigingi tu vya kuonyesha pa kupanda. Fundi akapita kwenye kila kimoja, akainama, akalaza sikio hewani pale ambapo shina lingekuwa, kisha akakifunga utepe. Hakuruka hata kimoja.

"Niletee Valência mia tatu," Dona Zulmira akaniambia mimi, bila kumtazama yeye.

Mche mmoja nauza reali kumi na nane.