Mkalimani wa Kwanza wa Rukia

Mlio ule sijapata kuusikia tena popote: mkwaruzo mkali, wa kero, kama panya kabanwa mlangoni, tena ukitoka kwenye kaseti ya taarabu ya harusi ya mama. Kuta za nyumba yetu ya Ng'ambo zilikuwa nyembamba, hata jirani akaja kuuliza kama tuna mgonjwa. Mgonjwa hatukuwa naye. Tulikuwa na dada yangu Rukia, aliyemaliza shule mwaka ule wa themanini na kitu, na kompyuta kuukuu ambayo baba aliletewa na rafiki yake baharia. Haikuwa na programu hata moja. Ukiiwasha, kioo kitupu, inapokea namba tu. Baba ikamchosha. Akasema isipofanya jambo la maana mpaka sikukuu, Ami Seif wa Bububu ataichukua akaivunje vipuri. Rukia alilia mpaka macho yakavimba, kisha akanawa uso akaanza kazi.

Kazi yenyewe alinieleza mimi mdogo wake tukichagua mchele. Mashine haijui maneno, inajua namba. Ukitaka kuiandikia kwa maneno, sharti uwe na programu ya kuyageuza yawe namba, ndiye mkalimani wake. Na mkalimani naye ni programu! Sasa nani amgeuze yeye? Mama, mikono imejaa unga, akadakia: "Mbona chachu? Mie nnachukua ya jana nnaumulia unga wa leo. Lakini ya mwanzo kabisa, si mtu aliikoroga mwenyewe akaisubiri?" Rukia akamkumbatia, unga na wote. Basi akamtengeneza mkalimani wa kwanza kwa mkono, namba moja moja, mdogo mno, anayefahamu maneno machache tu. Umeme ukakatika, zote zikafutika. Loo, kilio! Hapo ndipo mama alipotoa kaseti yake. "Rekodi humu, mwanangu. Harusi nshaiona." Rukia akaanza upya, safari hii akihifadhi kila hatua kwenye kaseti, namba zikigeuka kuwa mkwaruzo ule. Kwa yale maneno machache akaandika mkalimani wa pili, mjuzi zaidi; na wa pili, wallahi, akaweza kugeuza hata maandishi yaliyomuunda yeye mwenyewe. Juu yake Rukia akajenga programu ya kupokea amri na kuziendesha nyingine zote. Nami nikawa najigamba mtaa mzima kwamba huyu ni dada yangu, tumbo moja.

Sikukuu ikafika, na Ami Seif kaja na gunia. Rukia akawasha mashine, akacheza kaseti, mkwaruzo ule ule ukajaa sebule. Kioo kikaandika: SHIKAMOO BABA.

"Marahaba," baba akajibu, kabla hajajijua.

Tulicheka mpaka machozi. Ami Seif akakunja gunia lake, akaomba chai. Rukia siku hizi anafundisha kazi hiyo hiyo, na mashine ile ipo bado sebuleni kwa baba. Baba hamruhusu mtu kuigusa ila Rukia. Simu yangu ya leo naipapasa tu inawaka, na inajua mengi ambayo ile isingeyaota. Lakini hakuna aliyewahi kuililia ibaki nyumbani.