Sabgha Aliyoikana Mama

Mama yangu alizaliwa Unguja, akazeekea Ibra, huku kwa Waarabu, na miaka yote hiyo hajakubali kuonekana mnyonge. Kisukari kilipomtia kidonda cha mguu kisichopona, alikificha ndani ya soksi mpaka nilipokinusa. Niliwaka. Pale pale Ibra akapigwa picha ya mishipa. Muuguzi akamtia kitu kwa sindano mkononi, akamwambia ni dawa, atahisi joto kidogo. Siku chache baadaye akaitwa hospitali ya mji wa Nizwa kuzibuliwa mshipa wa mguu.

Kaka yangu ndiye aliyempeleka. Mimi nilifika mchana, kazi imeshakwisha, mama kalala chali na kaambiwa asiukunje mguu. Alikuwa na kisa cha kunichekesha. Daktari alimuuliza kwa Kiarabu kama karibuni ametiwa sabgha.

"Mie nikamwambia, wallahi sijapata kutia sabgha maisha yangu. Natia hina tu, na hiyo Idi kwa Idi."

Kaka yangu, ambaye wakati wa suali hilo alikuwa nje akitafuta pa kuweka gari, alicheka. Mimi sikucheka. Sabgha, dukani, ni rangi ya nywele. Hospitali ni ile rangi inayotiwa mwilini ili mishipa ionekane kwenye picha, ile ile ambayo Ibra waliiita dawa. Figo ndizo zinazoitoa, na za mama zilikwishachoshwa na kisukari. Na Nizwa, katika kuzibua mshipa, walimtia tena, kwa hivyo sasa zilikuwa zimetwishwa mara mbili ndani ya wiki moja.

Nilimwendea daktari nusura nikimbie. Hakugomba. Alisema angelijua angelingoja kwanza. Akaamuru damu ipimwe, dripu iongezwe, na kidonge kimoja cha sukari kisimamishwe. Kisha akasema tuangalie mkojo. Usipokuja, huenda akahitaji mashine ya kusafisha damu.

Basi nikawa mlinzi wa mkojo. Nilikwenda dirishani, nikarudi, nikaigusa dripu, nikamsumbua muuguzi. Nilikasirikia Kiarabu, nikakasirikia hina, nikamkasirikia kaka yangu kwa namna alivyokuwa akitafuna. Na gilasi ya maji kando ya mama ilikuwa imejaa vile vile. Hakutaka kunywa, kwani maji yangeleta haja, na haja ingeleta chombo cha kulalia kitandani.

Nikamwambia mficha uchi hazai. Akanijibu yeye keshazaa, tena kazaa wanaomkaripia.

"Mama," nikasema, "naogopa."

Akaichukua gilasi, akainywa yote. Akaomba nyengine. Alasiri ikapita, sikuweza kukaa. Adhana ya Magharibi ilikuwa imeshaisha aliponiita, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwa kuwa aliamini katika chumba kile Kiswahili ni chetu peke yetu.

"Mwanangu, lete chombo. Unakuja."

Nilivuta pazia, nikamshikia. Majibu ya damu yalikuja kututuliza kesho yake, lakini mimi nililia pale pale, kwa kuusikia tu. Mama akaniambia nisimtie aibu. Hapo, nyuma ya pazia, bibi wa kitanda cha pili, ambaye kutwa nzima tulimsikia akisema Kiarabu tu, akaitika kwa Kiswahili safi cha Unguja mjini.

"Alhamdulillahi, mwenzangu. Sote tulikuwa tukiungoja."