Mzuka Mwenye Baridi

Ukipita nyuma ya duka la vioo mchana ukasikia sauti kama upepo unaolia ndani ya chupa, usikimbie. Huyo ni jirani yangu Kitisho, yuko kazini. Anazipigia muziki filamu za kutisha, zile za kamera ya kuazima na damu ya rangi ya keki. Chombo chake ni kinanda cha umeme cha zamani, kizito kama jiwe, kimejaa vifundo vya kuzungusha. Hukiwasha mapema kipate moto kwanza, maana kikiwa baridi noti zake huteleza kama sabuni.

Sasa nikupe siri ambayo mtaa mzima unaijua: Kitisho ni mwoga. Katika filamu zote alizozipigia, hajaitazama hata moja. Huketi ameipa skrini mgongo, na mkewe, fundi cherehani, humsimulia huku akipinda nguo: "Anashuka ngazi... kasimama... kageuka, mume wangu, kageuka!" Vidole vinaifuata sauti ile. Mke akishusha pumzi, kinanda nacho kinashuka.

Basi binti yao akajifungua, mama mtu akasafiri kwenda kumhudumia. Juma hilohilo mwongozaji wa filamu akaleta kazi mpya, ya msichana aliyezama mtoni, anayerudi kugonga milango ya watu.

"Kitisho, ndugu yangu," akasema, "siku hizi kuna vijana wanafanya haya kwa kompyuta. Nakupenda, ila watu wasipopiga kelele pale penye mlango, hii ndiyo yetu ya mwisho."

"Watapiga," akajibu Kitisho, jasho likimtoka.

Alijaribu kutazama mwenyewe. Mzuka alipotokeza kidole tu, Kitisho alikuwa uani. Nyumbani kulikuwa na mtu mmoja mwingine: mama mkwe, anachambua mchele kwenye sinia. Hebu niambie, mtu humwombaje mama mkwe amsimulie mizuka? Alizunguka sinia lile kama kuku anayetafuta pa kutagia.

"Mama, samahani. Naomba unisaidie macho."

"Macho na miwani yake, baba. Nikae wapi?"

Akakaa mbele ya skrini, Kitisho akageuza mgongo.

"Haya. Kuna msichana. Kalowa chapachapa, maskini. Hana hata kandambili."

"Anatisha, mama?"

"Anatisha nini! Mtoto wa watu ana baridi. Anagonga mlango, hawafungui. Hivi hawa wamelelewa na nani?"

"Na meno yake, mama, yakoje?"

"Yanagongana. Wewe piga, acha maswali."

Angekuwa mkewe, angebishana naye. Mama mkwe habishiwi. Kitisho akapiga alichoambiwa: sauti nyembamba inayotetemeka, kama mtu anayeomba kuingia na hataki kusumbua. Akaipeleka kazi hivyohivyo, roho mkononi.

Siku ya kuionyesha tulikwenda wote, kwenye ukumbi wa shule uliofunikwa madirisha kwa mablanketi. Kitisho alikaa kakodolea viatu vyake. Ikafika pale penye mlango. Kinanda kikalia polepole. Hakuna aliyepiga kelele. Mwongozaji akamgeukia Kitisho, akatikisa kichwa.

Mara mwanamke mmoja nyuma akaita: "Jamani, mfungulieni!"

"Mfungulie!" wengine wakadakia. "Huoni ana baridi?"

Mwenye nyumba akafungua.

Sitakueleza alichokiona. Nitasema tu kwamba nilijikuta nimemkumbatia mtu nisiyemjua, na ukumbi mzima ulipiga yowe moja lililotikisa mabati. Kitisho, ambaye hakuona kitu, naye akapiga la kwake, asije akabaki peke yake.

Taa zilipowaka mwongozaji alimshika mkono, hamwachii. "Ijayo ni ya bibi harusi asiye na kichwa. Nilete lini?"

"Mpaka nimuulize mama," akasema Kitisho, akageuka. Kiti cha mama mkwe kilikuwa kitupu.

Tulimkuta nje, juani, kamvisha sweta lake mwenyewe, anamfunga vifungo msichana aliyeigiza mzuka. Binti wa watu jasho linamtiririka, lakini hathubutu kusema neno.

"Tulia, mwanangu," mama mkwe alikuwa akimwambia. "Umekaa majini muda mrefu."