Kava Jipya la Funguo Siku ya Kumzika Baba Mkwe

Mwaka wa pili sasa nikienda ukweni Tabata naingia kwa mlango wa uani, na leo nawaambia sababu, mcheke mkitaka, mie aibu yangu nilishaimeza.

Baba mkwe alifariki alfajiri (Mungu amrehemu), tukatoka kwetu Madale, mie na mke wangu, na kigari changu cha zamani, na mie kwa kutaka nionekane mkwe wa maana nikakipaki kwenye kichochoro palepale mbele ya nyumba, ili niwabebe wazee kwenda makaburini. Nimekaa mkekani na wanaume, funguo mkononi, kava lake la plastiki limepasuka nimelifunga na mpira, nikamwona shemeji yangu Shaabani anautazama ule mpira. Nikaona haya. Akapita mmachinga na makava mapya, nikanunua moja, nikahamishia kile chuma cha funguo, kava la zamani nikalitupa kwenye moto wa masufuria pembeni.

Jeneza likatoka. Nikawasha gari, injini inazunguka lakini haishiki, kitaa chekundu kwenye dashibodi kinawaka na kuzima. Nikarudia, wapi! Nyuma yangu jeneza liko mabegani mwa watu, na njia ni hiyohiyo moja. Nikampigia fundi wangu, nikamweleza mpaka habari ya kava jipya.

"Braza, kava la zamani liko wapi? Mle ndani kuna kichipu cha kuzuia wizi. Gari linakitambua kile, siyo chuma."

Nikautazama moto.

"Maiti hacheleweshwi!" akafoka Shaabani, na wanaume wakaanza kulisukuma gari na kanzu zao nyeupe, mie usukanini, na injini ikiwa imezima usukani unakuwa mzito kama nini sijui, nikashindwa kuukata, tairi la mbele likazama mtaroni, gari likakaa upande likaziba njia nzima. Ikabidi jeneza lipitishwe juu ya boneti. Baba mkwe wangu, aliyenitetea siku ukoo mzima uliponikataa, watu wanampokezana juu ya gari langu, "taratibu, taratibu jamani," na mie nimo ndani nimeshika usukani (niende wapi?), namwona anapita mbele ya kioo.

Mke wangu Zuhura alikuwa dirishani na wanawake wenzie. Alishusha pazia.

Nilipofika makaburini kwa bodaboda wameshaanza kulimwagia kaburi maji. Sikuweka hata konzi moja ya udongo. Shaabani akanisogelea, akaniuliza kwa upole mbele za watu:

"Limewaka, shemeji?"

Na wapo waliocheka.

Zuhura hajanilaumu mpaka leo, na hilo ndilo linaloniuma, maana angenilaumu ningepata pa kuombea msamaha. Basi nimeapa: kitu kikiwa kinafanya kazi, hata kama kimeshikiliwa na kamba, sikigusi kwa ajili ya macho ya watu. Na msiba ukitokea naenda kwa miguu, nakaa nyuma kabisa.