Babu Upande wa Pili wa Shuka

Hadi leo nikisikia harufu ya vumbi linaloungua juu ya balbu, ninarudi likizo ile ya Agosti, katika ghala kuukuu la mahindi karibu na stesheni ya Nakuru. Msanii mmoja kijana, Njoki, alikuwa amenunua sanduku la slaidi kwenye mnada wa vitu vya shamba fulani huko Rongai. Zilikuwa picha ndogo za filamu, za familia ya mzungu aliyehama zamani, na ukizimulika kwa projekta zinajaa ukuta mzima. Njoki akatundika mashuka katikati ya ghala, akaalika mitaa yote ije kuona kama kuna wanayemjua. Hakuna kiingilio. Kukhu, nyanya yangu, hakuamini. "Cha bure? Basi tutalipia wakati wa kutoka," akasema, akaja amejiandaa kubishana bei. Mimi nikahesabu mashuka, nikayahesabu tena, kama vile kuna aliyetaka kutuuzia.

Babu alikuwa fundi wa trekta kwenye shamba hilohilo. Alifariki kabla sijazaliwa, na nyumba yetu ya mtaa wa Free Area haikuwa na picha yake hata moja. Siku moja tukichambua sukuma wiki, Kukhu aliniambia, bila kuniangalia, kwamba uso wake umeanza kumpotea. Kwa hiyo siku ile ghalani nilikuja kumtafuta Babu. Watoto tulifukuzwa nyuma ya shuka ili wazee wakae mbele, lakini picha zilipenya kitambaa tukaziona vizuri tu: mbwa, keki, wazungu wenye kaptura, na pembeni kila mara mfanyakazi aliyekatwa nusu. Halafu likaja trekta, na kando yake mtu mzima mzima, ameshika spana, anacheka.

"Anafanana naye," nikamsikia Kukhu kule mbele. "Lakini si yeye. Mzee wangu alikuwa wa mkono wa kushoto. Huyu ameshika spana kwa wa kulia."

"Mathe, una uhakika?" Njoki akauliza.

"Huo mkono nimeunawisha miaka yote, wewe utaniambia?"

"Labda alibadilisha alipoona kamera," mzee mmoja akachokoza. Watu wakacheka. Kukhu hakucheka. Alizunguka shuka kuja kunichukua, nami nilikuwa nimeduwaa, maana huku kwetu spana ilikuwa mkono wa kushoto.

"Inuka, twende. Kuna vyombo vya kuosha." Kisha akainua macho kwenye shuka.

"Njoki," akaita polepole, "umemweka nyuma mbele."

Njoki akanyoosha mkono ageuze slaidi.

"Usimguse kwanza."

Basi wazee wakabeba viti vyao, mmoja mmoja, wakaja kukaa nyuma na sisi, nami nikawa narukaruka kati ya magoti yao.

Siku hizi simu yangu imejaa picha mpaka inalalamika, na wanangu humsukuma mtu kwa kidole kabla hajamaliza kutabasamu. Sisi tulimtazama mtu mmoja, ghala zima, hadi Kukhu alipotosheka. Naye alisema tu, kama mtu aliyepata kitu kizuri kwa bei ya chini, "Kumbe meno yake yalikuwa mazuri hivi."