Jogoo Aliyekataa Kuwika

Acha nikiri mapema, kabla hujaanza kunipenda. Nilipokuwa na miaka minane nilimwambia mama kwamba nyanya Mrusi wa mlango wa pili ananionyesha katuni za jogoo mlevi, tena jogoo mwenyewe anavuta sigara. Uongo mtupu. Jogoo alikuwa na kikohozi, akanywa dawa. Juzi nilimwona tena kwenye simu ya mwenzangu darasani, nikacheka hadi mwalimu akanitoa nje. Huko nje ndiko yote yalikonirudia.

Tulikuwa tukikaa ughaibuni, mji wa Brooklyn Park, ghorofa ya tatu. Mchana mama aliwaogesha wazee kwenye makao yao. Jioni mbili kwa wiki alikwenda kusomea unesi. Hakukuwa na mwingine wa kuniachia ila huyo nyanya. "Bila yeye sina darasa," mama aliniambia kila akinifunga zipu ya jaketi. Jaketi ya kuvuka korido, msee!

Nilimchukia yule nyanya. Nyumba ilinuka kabichi, hita inakoroma chini ya dirisha. Alinipa supu nyekundu ya bitiruti, akanikazia macho mpaka bakuli liishe. Halafu katuni. Katuni za watu wengine, mtu anaangukiwa na kabati, unacheka, unaenda kulala. Za Warusi, mnyama anakaa dirishani, anashusha pumzi. Theluji inaanguka. Anashusha pumzi tena. Kama ningetaka theluji si ningefungua pazia?

Ya jogoo ndiyo iliyonikera kuliko zote. Jogoo anakataa kuwika kwa sababu asubuhi haijawahi kumshukuru. Jua halichomozi. Wewe unangoja aombe msamaha, watu waimbe, mambo yaishe. Wapi! Kijiji kinazoea giza. Watu wananunua mishumaa. Jogoo anabaki juu ya paa na kikohozi chake. Mwisho. Nyanya alicheka mpaka akajishika kifua.

"Kinachekesha nini?" nikamuuliza.

Akanijibu kwa Kiingereza chake cha kuokoteza: "Kila mtu anadhani yeye ndiye jogoo. Kula."

Mimi nilitaka kubaki nyumbani na gemu zangu, ndiyo nikatunga ule uongo. Mama, mwimbaji wa kwaya, hakuvua hata viatu vya kazi. Aliugonga ule mlango kama polisi.

"Na hizo mvi zote, huoni haya? Unamfundisha mtoto wangu ulevi?"

"Si mlevi. Anaumwa," nyanya akasema. "Keti uone."

"Siketi!"

"Basi simama uone."

Akaiwasha. Mama aliitazama mwanzo hadi mwisho akiwa amesimama, mkoba begani. Dawa ya kikohozi ikapita mbele ya macho yake, chupa na kijiko. Nikajua leo nimekwisha. Lakini alinishika mkono, akatangaza kwa sauti ya kusikika korido nzima kwamba sitakanyaga pale tena. Nyanya akafunga mlango polepole.

Hawakusalimiana tena, hata walipokutana kwenye chumba cha kufulia nguo. Wiki ile ile mama aliacha darasa, na hadi leo anaogesha wazee. Nyanya alihamia kwa mwanawe, sijui mtaa gani. Korido imepakwa rangi mpya. Gemu nilizipata zote, nikazichoka kabla theluji haijayeyuka, na ile harufu ya kabichi niliyoilaani sijaisikia tena popote.

Jana nikamweleza mama ukweli: jogoo, dawa, gemu, yote. Nilisimama mbali kidogo, maana mikono yake ilikuwa ndani ya unga wa chapati na naijua ilivyo myepesi. Hakuniinulia hata macho.

"Nilijua," akasema. "Lakini siku hiyo nilikuwa nimetukanwa tangu asubuhi na wazee ambao siruhusiwi kuwajibu. Yeye nilikuwa naweza kumjibu."