Kamati Iliyopokea Kiti

Rafiki yangu, wewe nakuambia kwa sababu najua hautanicheka mbele ya watu. Utacheka ukifika kwako.

Dada yangu mdogo alikaa kambi ya wakimbizi miaka mingi na watoto wake wawili. Halafu akapewa tarehe ya kuja Louisville. Mimi niliomba Mungu kitu kimoja tu: mlango wa airport ukifunguka, sura ya kwanza ataona ikuwe yangu.

Kanisa letu la Shively, hapa Louisville, likaunda kamati. Bon, kamati ikaandika programu ya kurasa kumi na mbili. Kwaya mbili, hotuba tatu, watu wa protokole wa kupokea wageni, na beji shingoni. Namba sita: "Mgeni anaketi."

Wakati ule nikitoka kazini warehouse nilikuwa naenda masomo ya jioni, namna ya kuongoza kazi. Mwalimu alisema, kazi ambayo haujui itaishaje, usiipange yote siku moja. Panga kidogo, fanya, angalia, geuza. Nikapeleka hiyo kwa mwenyekiti.

"Papa mwenyekiti, tupange ya wiki hii tu. Hizi tarehe zinatembea."

"Mama, umesoma miezi mitatu, tayari unataka kutuongoza?"

Tarehe ikasogea, karatasi za daktari zilikuwa zimepitwa na wakati. Kamati ikachapisha upya kurasa zote kumi na mbili. Ikasogea tena. Wakachapisha tena, na rangi sasa. Mimi nilikuwa na karatasi moja kwenye friji: huku ninachojua, huku nisichojua. Kila Jumatatu napiga simu ofisi ya wakimbizi, nafuta, naandika.

Jumatatu moja wakaniambia: ndege ni Alhamisi, lakini haiji Louisville. Nyumba imepatikana Buffalo, mji wa mbali kaskazini, barabara ya Bailey.

Nikakimbia kwa mwenyekiti. "Papa, wanashukia Buffalo!"

Akafungua programu, akatafuta. "Buffalo haimo humu."

"Najua haimo. Ndiyo maana nimekuja."

"Kwaya zimeshashona nguo, mama. Haturudi nyuma."

Donc nikaenda peke yangu na karatasi ya friji. Nikaomba ruhusa kazini, nikawekea matairi ya gari mikono nikiyaombea, nikaondoka. Njiani, Columbus, mtaa wa Whitehall, rafiki tuliyekaa naye kambi moja akanipakilia makoti ya baridi.

"Watoto wanafika wapi, hapa kiunoni?"

"Sijui. Iko upande wa nisichojua."

"Basi beba saizi tatu."

Alhamisi mlango wa airport ya Buffalo ukafunguka. Dada yangu akanitazama muda mrefu. "Ni wewe? Umenenepa hivi!" Nikalia mpaka watoto wakaogopa. Makoti ya katikati yaliwatosha.

Alhamisi hiyo hiyo, kanisani kwetu, kamati ilifika namba sita. Walinitumia picha: kiti kitupu, protokole huku na huku, mwenyekiti anasoma hotuba ya tatu. Chini ameandika: "Yote yamefanyika kama yalivyopangwa. Amina."

Kama kwenu kuna kamati, rafiki yangu, wasomee hii kabla hawajachapisha. Na anayesubiri mtu wake, umpe hii kwanza yeye.